Chumvi ya Bwana Hasira

Hapo zamani za kale, kabla wanyama hawajaanza kutukimbia, na kabla sisi hatujawapa sababu ya kukimbia, paliishi mnyama mmoja mdogo katika bonde la Msagati. Jina lake lilikuwa Sange. Lishikeni vizuri jina hilo, wanangu, maana wengi wakimwona husema, "Panya yule!" Si panya. Panya hana pua ndefu namna ile, yenye kupinda huku na huku kama mkonga wa tembo uliokataa kukua. Wako wanaomwita njule, nao hawakosei. Lakini panya, hapana.

Kazi ya Sange ilikuwa kufagia njia. Kila asubuhi alitoka na kuondoa majani na vijiti kwa miguu yake ya mbele, fya, fya, fya, mpaka njia zote za bonde zikawa nyeupe. Wakubwa walizipita wasijue ni nani aliyezifagia, kama ilivyo desturi ya wakubwa.

Nyumba yake ilikuwa chini ya kichaka cha mkole. Mkewe alikuwa amejifungua pacha siku tatu kabla ya mambo haya, na tangu siku hiyo majirani walimwita Mama Pacha.

Jumbe wa bonde alikuwa Nyati. Alikuwa jumbe mzuri asubuhi, na mzuri pia jioni akishashiba. Lakini katikati ya mchana, mtu akimgusa pasipostahili kuguswa, macho yake yaligeuka mekundu, pua ikatoa moshi, na hapo kila aliyekuwa na miguu aliitumia.

Siku moja Ngiri, mpiga mbiu wa Jumbe, alipita akipuliza pembe. "Puuu! Puuu! Mama mkwe wa Jumbe anakuja! Anavuka mto leo hii, hajapata kufika hapa tangu harusi! Njia isafishwe! Puuu!"

Sange alisikia, na kifua kikamjaa. Akaenda mwenyewe kwenye mteremko unaoshuka kivukoni. Alfajiri ile manyunyu yalikuwa yamepita, na udongo wa mteremko ulikuwa wa mfinyanzi.

"Baba Pacha," mkewe alimwita kutoka kichakani, "udongo mbichi haufagiwi. Acha majani yalale pale, yashike miguu ya watu."

"Mama mkwe wa Jumbe akanyage majani yaliyooza? Watasema nini? Watasema njia za Sange zina takataka!"

"Watasema walifika salama."

Sange alimgeuzia mgongo. Alifagia. Alifagia mpaka mteremko ukang'aa kama chungu kilichopakwa mafuta, akasimama kando kungoja sifa.

Mama mkwe akavuka mto, mkongwe, mnene, mwenye pembe zilizochongoka kwa umri. Akasimama chini ya mteremko na jamaa zake. Juu akatokea Nyati kuja kumpokea. Nanyi mnajua adabu ya mkwe: hamkazii mama mkwe macho, hakai mbele yake, hali mbele yake, humwendea kando kando akiinamisha kichwa. Basi Nyati aliinamisha kichwa, akaweka mguu wa kwanza kwenye udongo ule.

Tereee!

Mguu wa pili ukaufuata wa kwanza. Jumbe akaketi. Akaserereka amekaa kitako, akageuka, akaja kwa mgongo, miguu minne ikitazama mbingu, na puu! akasimamishwa na kwato za mama mkwe wake.

Mama mkwe akamtazama kwa muda, kisha akasema, "Karibu, mkwe wangu. Au mimi ndiye mgeni?"

Pundamilia ndiye aliyeanza kucheka. Wengine wakafuata. Hata Kobe alicheka, ingawa alichelewa.

Nyati akainuka, tope likimchuruzika. Macho mekundu. "Nani? Nani aliyefagia hapa? Hrrrmm!"

"Ni mimi, Jumbe," alisema Sange. "Niwie radhi, sikuwa na nia..."

"We panya!"

"Sange, Jumbe."

"Wewe na mkeo na vitoto vyenu, siku ya saba msionekane katika bonde hili! Nimekwisha sema! Nikikuta hata unywele wenu, nitausaga na kichaka chenu chote!"

Siku ya saba. Ng'ambo ya mto pana mchanga mtupu na mwewe wanaozunguka toka kucha hadi kuchwa. Vitoto vya Sange vilikuwa havijaweza kukimbia hata upana wa njia. Sange alirudi nyumbani akalieleza jambo lile kwa maneno machache, na Mama Pacha akawasogeza watoto karibu na tumbo lake. Hakumkumbusha aliyomwambia asubuhi. Sange alitamani angemkumbusha.

Kesho yake mapema Sange alikwenda kwa Jumbe. Alimkuta amelala kivulini akicheua, mpole kama ndama. Kando yake, nusu majini, alikuwa Kiboko, mshauri wake.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, marahaba. Ah, ni wewe. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, lakini siku ya saba watakuwa chakula cha mwewe. Jumbe, nakuomba uitengue hukumu yako."

Nyati alicheua taratibu. "Nakuhurumia, Bwana mdogo. Kwa kweli hukumu ile ni kali mno. Nimeifikiria usiku kucha. Hata mimi nisingeweza kuitoa."

"Lakini uliitoa, Jumbe."

"Mimi? Hapana. Ile ilikuwa hasira. Hasira ikipanda, mimi sipo. Nikirudi ndio naambiwa, umesema hivi, umevunja vile. Nami nashangaa kama wewe."

"Basi itengue sasa, maadamu umerudi."

"Nitatengua vipi neno nisilolisema?" Nyati akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Jumbe hutengua la kwake. Hili ni la hasira."

"Sawasawa," alisema Kiboko kutoka majini. "Ndivyo mambo yalivyo. Hata mimi mwaka jana nilipokanyaga mayai ya Kitwitwi pale ukingoni, si mimi niliyekanyaga. Ilikuwa hofu. Nilisikia kishindo, hofu ikanishika, ikanipeleka. Mimi niliburutwa tu."

"Kishindo cha nini?" aliuliza Sange.

"Cha tunda. Lilianguka majini."

Sange aliwaaga kwa adabu, akaondoka. Lakini njiani damu ilianza kumchemka. Alipofika nyumbani alikuwa akitetemeka kuanzia ncha ya pua mpaka mkiani.

"Nitachimba!" akamwambia mkewe. "Njia ile anayopita kwenda kunywa maji, nitaichimba kwa chini usiku na mchana, niifunike na majani. Akikanyaga, ka! mguu huo! Tuone kama atatufukuza kwa miguu mitatu!"

"Na atakayevunjika mguu akiwa mtoto wa Pundamilia?"

"Bahati yake."

"Watakuuliza nani aliyechimba. Utasema nani?"

"Nitasema..." Sange akafungua kinywa, akaona neno lililokuwa tayari ulimini, lile lile la Jumbe. Akakifumba. Akakaa chini.

Mama Pacha akaendelea kuwalamba watoto. Kisha alisema, "Mimi nami nimekasirika, usidhani sijakasirika. Ningekuwa na pembe, yule mzee angekwisha kuzionja. Lakini hasira ni kuni, Baba Pacha. Nyumba isiyo na kuni hailali na chakula. Tatizo la Jumbe ni kwamba kuni zake ndizo zinazopika, na mpishi amekwenda kulala."

Sange hakulala usiku ule wala mchana uliofuata. Hasira haikumtoka. Aliiacha iwake, ila aliiinjikia chungu.

Sasa, wanangu, iko desturi ya Msagati ambayo sharti niwaeleze. Katika bonde lile hukumu haikuwa hukumu mpaka chumvi ilambwe. Siku ile hukumu inapotimizwa, aliyeshindwa huleta bonge la chumvi barazani, na aliyekata shauri hulilamba mbele ya watu wote. Akikwisha kulilamba, neno limekuwa lake. Likizaa heri ni lake, likizaa shari ni lake, na mwenye kudhurika anajua mlango wa kubisha. Chumvi hiyo hailambwi na mwingine. Nyati alikuwa amelamba mabonge mengi kwa mashauri madogo madogo, na alipenda chumvi kuliko alivyopenda mashauri.

Na mwaka ule mvua zilikuwa zimelifukia shimo la chumvi kwa tope. Miezi miwili hakuna mnyama aliyeonja hata chembe. Wengine walikuwa wakilambana migongo.

Ilikuwapo chumvi kidogo katika nyufa za mawe, mahali pasipopita kwato wala pembe. Pua nyembamba ilipita. Siku nne Sange alichimba, krr, krr, krr, akaitoa punje kwa punje, akaikanda kwa maji, akaianika juani. Siku ya saba alikuwa na bonge jeupe lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Akalifunga kwa majani mapana ili lisitoe harufu, akamwendea Ngiri.

"Mpiga mbiu, naomba uwaite watu. Leo ni siku ya chumvi yangu."

"Haya. Niseme hukumu ya Jumbe Nyati?"

"La. Jumbe mwenyewe amesema si yake. Sema hukumu ya Bwana Hasira."

Ngiri akajikuna. "Bwana nani? Anakaa wapi huyo?"

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana nataka aitwe kwa mbiu."

Ngiri hakuwa mtu wa maswali mengi. Alilipwa kwa kupuliza. "Puuu! Puuu! Njooni barazani! Bwana Hasira anakula chumvi ya hukumu! Puuu!"

Walikuja wote, maana hakuna aliyekuwa amemwona Bwana Hasira akiwa amekaa. Mama mkwe alikuwa bado hajaondoka, naye akaja na jamaa zake, akasimama mbele. Nyati akaja na Kiboko, akaketi kwenye nafasi yake.

Sange akaburuta mzigo wake mpaka katikati. Akausafisha uwanja kidogo, kwa mazoea. Kisha akalifungua bonge.

Harufu ikatoka. Kundi zima likavuta pumzi. Fyuuu! Udenda ukamdondoka Jumbe, to, to, to.

"Vizuri," alisema Nyati, akainuka upesi. "Nimefurahi kuona umeitii desturi, Bwana mdogo. Sogeza hapa."

"Samahani, Jumbe," alisema Sange. "Hii si yako."

"Si yangu?"

"Ni ya aliyekata shauri. Uliniambia mwenyewe, na Bwana Kiboko ni shahidi: aliyenifukuza ni Hasira, wewe hukuwapo. Bwana Kiboko, nasema uongo?"

Kiboko akatazama chumvi, akamtazama Jumbe. "Yalisemwa maneno kama hayo," alinong'ona.

"Basi tunamngoja mwenyewe," alisema Sange, akaketi kando ya bonge, akakunja miguu. "Hodi, Bwana Hasira! Chumvi yako tayari!"

Wakangoja. Upepo ukaleta harufu ile tena. Nyati akameza mate, glu!

"Pengine hatakuja," alisema. "Nami ni jirani yake wa karibu. Naweza kumlambia."

"Chumvi ya hukumu hailambwi na jirani, Jumbe."

"Ni kweli," wakasema wazee. "Haijapata kuwa."

Pundamilia akanyoosha shingo. "Jumbe, mimi nina swali. Kama Bwana Hasira ndiye anayehukumu, pale kivukoni nimpishe nani? Wewe au yeye?"

"Na mpaka wa malisho yangu?" aliuliza Pofu, yule swala mkubwa kuliko swala wote. "Ulinikatia wewe au yeye? Maana siku ile nawe ulikuwa ukifoka."

Hapo Kitwitwi, ndege mdogo wa ukingoni, akaruka mbele. "Na kama huyu Hasira anao ndugu, mmoja wao anaitwa Hofu, nami nina shauri naye la mayai manne."

Kiboko akaanza kurudi nyuma polepole, akakuta Tembo amesimama nyuma yake. Akabaki.

Lakini aliyelichoma jambo mpaka ndani ni mama mkwe. Hakupaza sauti. "Mimi ni mtu mzima," alisema, "na nimekuja kumtazama mwanangu alipoolewa. Basi naomba kuambiwa. Nilimwoza nani? Nyati, au Hasira? Kama ni Hasira, aliyeleta mahari alikuwa nani? Na kama ni Nyati, mbona siku anazohitajika huwa hayupo?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kile cha mteremkoni.

Nyati akaruka mbele. Macho mekundu! Pua ikatoa moshi! "Hrrrmm! Kipanya wewe! Umeniita hapa kunidhihaki mbele ya mkwe wangu!" Akauinua mguu wake wa mbele, ukasimama juu ya kichwa cha Sange, mzito kama jiwe la kusagia, na kivuli chake kikamfunika mzima.

Kila aliyekuwa na miguu aliirudisha nyuma. Sange alikuwa na miguu, tena yenye mbio kuliko yote bondeni. Moyo wake ulipiga kama ngoma ya mbali, ti-ti-ti-ti, na kila unywele wake ulimwambia, kimbia. Alimwona Mama Pacha pembeni, amewafunika watoto. Akajua kwamba akikimbia ataokoa mgongo wake leo, na kesho wote watakuwa mchangani chini ya mwewe.

Hakukimbia. Aliinua pua yake.

"Shikamoo, Bwana Hasira," alisema. "Kumbe umefika. Chumvi yako hii. Lakini kabla hujashusha mguu, tafadhali mwite Jumbe Nyati aje ashuhudie. Kwa maana ukiushusha na yeye hayupo, kesho atanililia mimi na kushangaa pamoja na wengine. Mimi sitaki kukanyagwa na mtu asiyekuwapo. Kama ni yeye, aushushe yeye."

Hata nzi walitua.

Mguu ulikaa hewani. Ulikaa mpaka ukaanza kutetemeka, maana mguu wa nyati haukuumbwa kukaa hewani. Sange aliiona mishipa ya goti lake. Aliona pia macho yaliyo juu yake: yalikuwa mekundu, na nyuma ya wekundu ule palikuwa na mtu akitafuta pa kusimama.

Kisha mguu ukashuka. Ulishuka kando, taratibu, usivunje hata jani.

"Nipo," alisema Nyati.

"Nani?" aliuliza mama mkwe.

"Mimi. Nyati." Alivuta pumzi. "Nilikuwapo na siku ile. Wala haikuanza hasira, ilianza aibu. Nilianguka mbele yako, mama, wakacheka, nikatafuta mtu mdogo wa kumtwika aibu yangu. Yote hayo yalinisukuma. Lakini mdomo uliosema ulikuwa huu." Akamgeukia Sange. "Niliyekufukuza ni mimi. Kwa hiyo ninayetengua ni mimi. Kaa na watoto wako."

Wanyama wakapiga vigelegele. Sange alitaka kuondoka hapo hapo, kabla bahati haijabadili nia, lakini Jumbe akamzuia.

"Ngoja. Nami nina swali kwako. Udongo mbichi haufagiwi. Hata ndama anajua. Siku ile nani alifagia?"

Sange alitazama chini. Majibu yalikuwapo, tena mengi, na yote yalikuwa na akili. Angeweza kusema ni amri ya mbiu. Angeweza kusema ni heshima kwa mgeni, na nani angelaumu heshima? Mtu mwerevu hakosi mahali pa kuuficha mkono wake. Akamtazama mkewe, na mkewe akawa anatazama mawingu.

"Mimi," alisema. "Nilionywa, nikaona sifa ni tamu kuliko onyo. Nisamehe, Jumbe. Na wewe, bi mkubwa."

"Basi kazi yako," alisema Nyati, "ni kuumwagia mchanga mteremko wote mpaka kivukoni, na mvua ikinyesha usiuguse mpaka ukauke. Hiyo ndiyo hukumu. Sio ya hasira. Nimeifikiria."

"Nimeipokea."

"Na mimi je?" akauliza Kitwitwi, aliyekuwa amekwisha ruka juu ya kichwa cha Kiboko. "Bwana mkubwa, mwaka jana nani aliburutwa?"

Kiboko akafumba jicho moja, akafumba la pili, akaona hakuna maji karibu. "Mimi," alisema kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. "Na nitalinda kiota chako msimu huu, mpaka waruke."

Ndipo Jumbe Nyati akalisogelea bonge. Hakulirukia, ingawa ulimi ulikuwa nje. Aliinama, akalilamba mara moja kwa hukumu hii mpya, mbele ya watu wote, chwaa, kama desturi inavyotaka. Chumvi ilikuwa kali, ilimtoa machozi. Au walisema ni chumvi.

Mama mkwe alimtazama mpaka akamaliza, akasema, "Haya, sasa nimemwona mkwe wangu," kisha akawageukia jamaa zake akawaambia wafungue mizigo, wangekaa hata mwezi uandame.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Atakayeona nzito, aiache njiani, na atakayeona nyepesi, ajaribu kuibeba.

Moyo husukuma na akili huonyesha njia, lakini anayejibu ni mwenye mguu.